Muda Mrefu Haujafika

Kwa niaba ya Idara ya Subira ya Kaya, ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba chanzo cha umaskini kimepatikana. Kilikuwa humo humo majumbani mwenu siku zote. Ni haraka.

Wataalamu walikitafuta kwa muda katika hoteli kadhaa zenye viyoyozi, na hatimaye ukweli ukadhihirika: mwananchi akipata fedha, anazitumia. Anazipata asubuhi, na kabla jua halijazama ameshanunua unga, amelipa ada na amempeleka mtoto hospitali. Kesho yake analia hana kitu. Ukimuuliza fedha zimekwenda wapi, anakuonyesha mtoto aliyepona, eti huo ndio ushahidi. Serikali makini haiwezi kuvumilia tabia kama hii.

Mimi ni Afisa Mkuu wa Subira, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halina mtu. Limeachwa wazi makusudi ili nami nijifunze kusubiri. Natoa maelezo haya kwa sababu maneno yamekuwa mengi mitaani, na binadamu hawana dogo. Nayatoa nikiwa nimekaa kwenye benchi, bila suruali, kwa sababu ambazo nitazifikia kwa utaratibu wake.

Dawa ya haraka ni Mfuko wa Subira. Kila kaya iliamriwa kuweka humo fungu la mapato yake kila mwisho wa mwezi, na kuahidiwa kurudishiwa pamoja na faida baada ya muda mrefu. Wazo hili lilikuwa la Mkurugenzi wetu. Alikuwa amepewa kitabu ndani ya ndege, akasoma humo kwamba tajiri ni yule anayeweka kidogo kidogo, anaanza mapema, kisha anaziacha fedha zake bila kuzigusa. Kitabu kilikuwa na sura nyingine pia, zilizoeleza hizo fedha ziwekwe wapi na zirudi vipi, lakini ndege ikatua.

Kabla yetu watu walikuwa wakijifanyia mambo kienyeji. Mtaani kwetu, kwa mfano, kulikuwa na akina mama waliokuwa wakicheza upatu. Walikutana kwenye chumba cha fundi cherehani mmoja, kila mmoja akatoa chake, wakampa mwenzao ambaye zamu yake imefika. Kilichobaki walikopeshana, na riba wakagawana. Kwa njia hiyo wengine walishanunua mashine za kusaga, wengine wakaezeka vyumba vya kupangisha. Tuliwachunguza, tukakuta kasoro kubwa sana: kila mtu alikuwa anapata hela yake. Ilikuwa inazunguka tu. Na hela inayozunguka, kwa mujibu wa mwongozo wetu, huchoka. Tukaichukua yote tukaiingiza kwenye Mfuko ipumzike. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuandikishwa, wote pamoja kama kaya moja, na tuliwapiga picha.

Lilibaki suala moja dogo la kitaalamu: muda mrefu ni upi? Iliundwa Kamati ya Istilahi. Tulikaa, tukala, tukakaa tena, na Mkurugenzi mwenyewe akalitamka jibu akiwa ameshika paja la kuku. Muda mrefu ni muda ambao haujafika. Ukishafika unakuwa mfupi, na Mfuko haulipi mambo ya muda mfupi. Mwanasheria wa Idara alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma upya, akasema katika maisha yake hajawahi kuona kitu cha namna hii. Tulisimama tukapiga makofi.

Mnauliza fedha ziliwekwa wapi. Mnaona? Haraka hiyo. Ziliwekwa kwenye vitu vya kudumu. Tulinunua jengo lenye ngazi pana na chumba cha Mkurugenzi upande wa barabarani, chenye madirisha makubwa yanayoingiza mwanga mzuri sana ambao hakuwahi kuuhitaji, maana mapazia yalikuwa hayafunguliwi. Tulinunua viti vya ngozi vya wajumbe. Aliyetuuzia alituhakikishia kwamba vitatuzika sote, na kama kuna uwekezaji wa muda mrefu kuliko kiti cha aina hiyo, nionyeshwe. Zilizobaki zilikwenda kwenye posho za vikao. Hizo ni uwekezaji katika rasilimali watu, na rasilimali hiyo ilikua mbele ya macho yetu: ilibidi mkanda wa Mkurugenzi utobolewe tundu jingine, na baadaye ubadilishwe.

Kwa wananchi tuliweka dirisha moja na benchi. Benchi nililibuni mimi. Miguu ya upande mmoja ni mifupi kidogo kuliko ya upande wa pili, hivyo anayekaa anateleza taratibu kuelekea mlangoni bila kuhisi kwamba amefukuzwa. Nilipata barua ya pongezi kwa ubunifu huo. Ukutani juu yake tuliandika: MVUMILIVU HULA MBIVU. Harufu ya chakula cha wajumbe ilikuwa inapita hapo hapo kwenda juu.

Siku moja aliingia shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Ndiye yule fundi cherehani mwenye upatu. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata waliosahau kwamba ana jina. Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni. Alikaa kwenye benchi, akateleza, akarudi, akateleza tena, kisha akaamua kusimama.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri. Nikusaidie nini, ndugu mwananchi?"

"Mwananchi nani? Juzi ulikula kwangu ukaongeza na ukoko!"

"Nyumbani ni nyumbani, shemeji. Hapa ni ofisini."

"Haya, bwana ofisi. Nimekuja kuchukua changu. Mwenye nyumba anakiuza kile chumba changu. Kaniambia, Fundi, wewe ndiye wa kwanza, nakupa mpaka mwisho wa mwezi, ukishindwa kuna mtu wa vipuri vya magari anakitaka."

"Vipuri vina soko zuri."

"Wewe! Chumba kile nimekaa toka hujamwoa mdogo wangu. Wateja wote wanajua ni pale. Nikikinunua, uzeeni nitakipangisha, nile bila kumwomba mtu. Hicho ndicho nilichokuwa nawekea akiba miaka yote. Nipe changu nikalipe."

Nilifungua kompyuta. Haikuwa na umeme, lakini utaratibu ni utaratibu. "Wewe uliwekewa kwa muda mrefu."

"Ndiyo. Si umefika?"

"Unasema umefika?"

"Umefika, shemeji."

"Basi si mrefu tena." Nikamweleza kifungu chote, polepole, kwa sauti ya upole tuliyofundishwa kwenye semina.

Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichotoboka katikati. "Ngoja nikuelewe. Haujafika, silipwi. Ukifika, silipwi."

"Umeelewa haraka sana. Wengi huwa wanachukua muda."

"Sasa nitalipwa lini?"

"Shemeji, nakushauri kama ndugu. Kila swali la namna hiyo ni dalili ya haraka, na nalazimika kukukata alama za subira."

Nilimkata. Nilimwonyesha kabisa kwamba namkata, kwa uwazi. Hakupiga kelele. Aliikunja futi yake, akasema, "Nikuulize basi la kifamilia, hilo halina alama. Ule mto unaolalia nimekushonea mimi. Ukiweka kichwa pale, unalala?"

"Nalala vizuri sana."

Nilisema kweli. Ni mto mzuri.

"Haya," akasema. "Siku hazigandi, shemeji."

Mwisho wa mwezi mtu wa vipuri alilipa. Niliambiwa Fundi alifagia chumba chote kabla ya kukabidhi ufunguo, akaokota na pini sakafuni, halafu akakaa nje juu ya kiti chake. Siwezi kudai kwamba sikumwonea huruma. Nilimwonea, lakini huruma haikuwa ndani ya mamlaka yangu.

Cherehani ililetwa kwangu kwa mkokoteni. Mke wangu alifungua milango yote miwili, akawaelekeza waiweke sebuleni, mbele ya televisheni.

"Hapa?" nikauliza.

"Ulitaka ikae wapi? Kwenye Mfuko?"

Toka siku hiyo nyumba yangu ikawa karakana. Nikirudi kazini nakuta wanawake nisiowajua wananyoosha mikono wapimwe, wakiniona wanakatiza mazungumzo. Nilikula kati ya vipande vya nguo. Usingizini nilisikia cherehani hata ikiwa imefunikwa. Nilipomwambia mke wangu kwamba afisa wa ngazi yangu anahitaji utulivu, alinijibu, "Nenda kalale kwenye jengo lenu. Si mnalo?"

Wakati huo huo wafadhili walitangaza Tuzo ya Kaya Yenye Subira Kuliko Zote: gari jipya, pamoja na safari ya mafunzo ng'ambo. Sharti lilikuwa kaya iliyoandikishwa na ambayo haijawahi kuulizia fedha zake. Tulipitia kaya zote. Hakuna hata moja iliyofaa. Zote zilikuwa zimeuliza. Wengine waliuliza kwa kulia. Mzee mmoja aliuliza kwa kusimama kimya mbele ya dirisha asubuhi nzima, na hilo nalo tulilihesabu. Ikaonekana gari litarudi kwa wafadhili, jambo ambalo lingekuwa utovu wa adabu.

Hapo nilinyoosha mkono. Niliwakumbusha wajumbe kwamba waraka wetu unasema kaya ni watu wawili au zaidi wanaokula pamoja kwa kawaida. Je, sisi hatuli pamoja? Kila siku, hapa hapa, kwa gharama za umma. Na je, kuna mjumbe aliyewahi kuulizia fedha alizoweka Mfukoni? Hakuna hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameweka.

Kisha Mkurugenzi akainuka, akaja mpaka kwenye kiti changu, akanikumbatia. Alinuka mchuzi.

Tukajiandikisha papo hapo. Mkurugenzi akawa baba wa kaya. Mhasibu, mtu wa masharubu mazito, akawa mama wa kaya, kwa kuwa ndiye anayeshika pochi. Mimi nikawa kitinda mimba. Fomu ya tuzo, tofauti na ile ya wananchi, ilitaka kaya iingize Mfukoni mapato yake yote, mshahara, posho, zawadi na kiinua mgongo, ili iwe mfano kwa wengine. Tulitia saini wote. Hakuna aliyeisoma. Ya nini kuisoma, na sisi ndio tuliiandika?

Tukajitangaza washindi, tukakabidhiana gari. Cheti chetu cha kuandikishwa kilitundikwa pale mapokezi, cha kwanza kabisa juu ya vingine vyote, kwenye fremu ya dhahabu. Ningependa mkumbuke fremu hiyo.

Sasa, mishahara yetu inalipwa na Hazina, na Hazina wana ugonjwa mmoja mbaya. Wanasoma. Ukiwapelekea karatasi yenye saini, wanaitekeleza kama ilivyo, mstari kwa mstari, bila kujali karatasi hiyo ni ya nani. Mwisho wa mwezi nilikwenda benki, nikakuta sifuri imenikodolea macho. Mshahara wote ulikuwa umeingia Mfuko wa Subira. Gari nalo, kwa kuwa ni zawadi, lilishaandikwa mali ya Mfuko, na dereva wa Hazina alikuja kulichukua Mkurugenzi akiwa ndani.

Nyumbani mke wangu alinyoosha kiganja kama kawaida.

"Umewekezwa," nikasema.

"Nini kimewekezwa?"

"Mshahara."

"Kwa muda gani?"

"Mrefu."

Cherehani ilisimama. Shemeji aliinua kichwa, akanitazama, akamtazama mdogo wake, kisha wakacheka wote wawili mpaka uzi ukakatika na Fundi akalazimika kutunga upya huku akifuta machozi. Mwezi ule tulikula jasho la cherehani. Fundi alinipakulia mwenyewe, akanipa na ukoko, na hakuniuliza lolote. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mkurugenzi alituambia tusitie shaka. Mshahara ni nini? Watu wa vikao hula posho. Tukaitisha kikao asubuhi, tukajilipa. Kufikia alasiri posho, kwa kuwa ni mapato ya kaya, ilikuwa imekatwa na kurudi Mfukoni. Tukaitisha cha jioni, ikarudi. Tukaunda kamati ya kuchunguza kwa nini inarudi, tukailipa posho, na hiyo posho ikarudi. Tulikaa mpaka viti vya ngozi vikaanza kupasuka kwenye mishono. Chakula nacho kilikatwa, kwa sababu Hazina walisoma wakagundua kwamba kaya hujinunulia. Mhasibu alianza kuja na viazi vya kuchemsha ndani ya begi, akivila ameupa ukuta uso. Mama wa kaya!

Kisha Mkurugenzi akastaafu, na wajumbe wawili wazee pamoja naye. Kulikuwa na hotuba. Alisema amelitumikia taifa kwa moyo, na kwamba sasa anakwenda kupumzika kwenye shamba alilokwisha kulilipia kishika uchumba, akisubiri kiinua mgongo chake amalizie. Kiinua mgongo kilitoka siku hiyo hiyo, kikubwa ajabu, cha miaka yote ile, chake na cha wenzake. Kikaenda moja kwa moja Mfuko wa Subira.

Wiki iliyofuata alikuja. Mlinzi hakumruhusu kupanda juu kwa kuwa si mtumishi tena, akamwonyesha benchi. Mkurugenzi alikaa, akateleza mpaka kizingitini. Alirudi, akateleza. Mwishowe akaja dirishani akihema, suruali ameishika kwa mkono mmoja kwa sababu mkanda ulikuwa umemzidi.

"Mwanangu," akasema. Kiutaratibu ilikuwa sahihi. "Nitolee hela yangu kimya kimya, mimi na wewe tunajuana."

Naapa nilitaka kumsaidia. Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo, baba, na maneno yakatoka yenyewe, yale yale yaliyozoea njia. "Uliwekewa kwa muda mrefu."

"Najua. Nimestaafu. Muda umefika."

"Unasema umefika?"

"Umefika!"

"Basi si mrefu tena, baba."

Alishika ukingo wa dirisha kwa mkono wa pili. Watu wa kwenye foleni walikuwa wamesogea kusikiliza. "Mimi nina shamba," akasema. "Nimeshalipa kishika uchumba. Mke wangu amekwisha kuagiza ng'ombe. Nani aliandika upuuzi huu?"

"Wewe, baba. Tulikupigia makofi."

Nyuma yake yule mzee aliyewahi kusimama kimya asubuhi nzima alipiga makofi mawili, ya polepole.

Kiliitishwa kikao cha dharura, na wastaafu wakaalikwa kama wazazi. Tuliandika waraka wa kusema kaya ya Idara ilipwe. Hazina wakaurudisha: waraka ni wa kaya zote au si waraka. Mkurugenzi alikuwa hana tena muda wa kubishana, maana mwenye shamba alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Akapiga meza. "Basi andika kaya zote! Andika muda mrefu umefika, zilipwe zote kwa kufuata namba ya kuandikishwa, kuanzia ya kwanza!"

"Wote?" akauliza Mhasibu, mdomo una kiazi.

"Wewe huoni? Ya kwanza si sisi? Cheti chetu kiko juu ya vyote. Tutachukua chetu, wengine watakuta watakachokikuta."

Tulimpigia makofi, tukatia saini, tukapeleka mbio. Hakuna aliyekwenda mapokezi kuangalia kwamba ndani ya ile fremu ya dhahabu namba yetu ni ya mwisho.

Asubuhi foleni ilikuwa imezunguka jengo. Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, na akina mama wote wa upatu nyuma yake. Pembeni alisimama karani wa Hazina na makaratasi yake, akisoma.

"Kaya namba moja," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Mnadai fedha nyingi kuliko wote. Kwa zilizopo Mfukoni, tukiwalipa ninyi, nyuma yenu watapata wachache."

Nilitegemea watalipuka. Nilitumaini, kusema kweli. Fujo zingetupa sababu ya kufunga dirisha.

"Tumelijadili," akasema Fundi. "Hapo nyuma kuna wenye wagonjwa, kuna wenye watoto waliorudishwa shule. Hela taslimu waachieni hao. Sisi tupeni jengo."

"Jengo lipi?"

"Hili. Si mlilinunua kwa hela yetu?"

"Shemeji, jengo ni la Idara."

Karani wa Hazina akainua kidole. Alikuwa amesoma. Jengo, akasema, limeandikwa mali ya Mfuko, na mali ya Mfuko ni ya waliouchangia. Akapanda juu kulithamini. Alishuka akasema bei imeshuka kidogo, kwa sababu ngazi zimechubuka na mpangaji aliyemo, yaani Idara, hana historia ya kulipa. Akina mama wakatazamana, wakakubali.

Foleni ikasogea. Nililipa mimi mwenyewe, mpaka vidole vikaniuma. Kiinua mgongo cha Mkurugenzi kilikwenda kwa muuza mkaa, kwa mwalimu, kwa mjane mwenye genge. Mzee wa makofi alikunja chake ndani ya kofia. Wakati wote huo Mkurugenzi alikuwa amesimama mwisho kabisa wa foleni, akiniita mwanangu. Alipofika dirishani zilikuwa zimebaki shilingi za kununulia mkate, na viti vya ngozi. Alichukua viti. Nasikia alimpelekea mwenye shamba kimoja, naye akakirudisha.

Jengo sasa limejaa watu. Kule tulikokuwa tunafanyia vikao kuna kina dada wanasuka nywele, na wanazungumza mambo ya maana kuliko sisi, kwa kelele. Yule mtu wa vipuri alikuja kuomba chumba cha chini maana kile alichonunua kinavuja, akapangishwa kwa bei ya kawaida kabisa, na hilo kwangu ni udhaifu wa kiuongozi. Kila mwezi kodi inaingia, akina mama wanakarabati paa, wanakopeshana, wanapeana kwa zamu. Hela inazunguka. Nimeiangalia kwa makini na bado sijaiona ikichoka. Idara ya Subira ya Kaya tumepangishwa stoo iliyo chini ya ngazi, na tumeshaombwa mara kadhaa, kwa adabu, tulipe.

Fundi yuko kwenye chumba cha Mkurugenzi. Ameondoa mapazia yote isipokuwa moja la kubadilishia nguo, na mwanga unaangukia sindano vizuri.

Hapo ndipo nilipokwenda leo. Iliundwa Tume ya kuchunguza Mfuko, na nimeitwa kesho asubuhi nikajieleze. Nimebakiwa na suti moja, na kwa mwili nilionao siku hizi suruali inaning'inia kama nimeiazima. Nilimwomba aipunguze kiuno. Akapima, akatingisha kichwa, akaniambia nipite nyuma ya pazia nivue. Akanipa kipande cha lile pazia la zamani la Mkurugenzi nijifunge.

"Itakuwa tayari saa ngapi, shemeji?"

Hakuinua macho. "Umeuliza?"

"Nimeuliza tu. Tume ni kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi ni muda mfupi. Mimi suruali yako nimeipokea kwa muda mrefu."

"Shemeji, usinifanyie hivyo. Mimi ni ndugu yako."

"Nyumbani ni nyumbani," akasema. "Hapa ni ofisini."

"Basi niambie lini. Muda mrefu ni lini?"

Alikata uzi kwa meno, akanitazama kwa upole, ule ule wa semina.

"Haujafika," akasema. "Kaa kule chini kwenye lile benchi lako usubiri."

Ndipo nilipo. Wanaoingia kupimwa wananisalimia, nami nawaitikia kwa heshima ya cheo changu, nikilishika pazia kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine. Mlango uko wazi na mtaa mzima uko nje. Benchi linateleza vizuri sana.